Ganeti ya Kuvaa: Jinsi ya Kuchagua Jiwe Litakalodumu Mkononi

Ukiingia kwa sonara mjini Nakuru na kuuliza kama jiwe jekundu alilokuonyesha ni ganeti ya kweli, umeuliza nusu tu ya swali. Ganeti ni ukoo mzima wa mawe. Wamo wekundu wa damu ya mzee, wamo wa zambarau, wa rangi ya chungwa, hata wa kijani kibichi. Wengine hupatikana kwa bei ambayo mwalimu au muuguzi anaweza kuimudu, na wengine hushindana na zumaridi. Kwa hiyo nusu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito: ni ganeti gani, itavaliwa wapi mwilini, na mikono itakayoivaa inafanya kazi gani?

Nasisitiza hivyo kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi chache zilizojaliwa ganeti nzuri za aina nyingi, na bado bibi harusi wa Nakuru anaweza kuvishwa kipande cha kioo kilichotoka ng'ambo huku jiwe la nchi yake likisafirishwa nje bila kuchongwa. Mnunuzi anayejua anachokitaka ndiye atakayelibadilisha hilo.

Jiwe la Kenya, ila si la Bonde letu

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi. Ganeti za vito za Kenya hutoka hasa Taita-Taveta, kwenye vilima vya Kasigau, Mwatate na maeneo ya karibu na Voi. Huko kuna miamba ya kale sana, iliyokandamizwa na kupikwa kwa joto zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wanajiolojia huiita Ukanda wa Msumbiji, nao unapanda kutoka Msumbiji, unapita Tanzania na kuingia Kenya. Mkandamizo ule ndio uliozaa ganeti.

Sakafu ya Bonde la Ufa hapa kwetu ina historia nyingine. Kuanzia Naivasha na Eburru hadi Menengai, tunakanyaga lava na majivu ya volkano, mawe machanga mno yakilinganishwa na yale ya Taita. Kito cha asili cha hapa ni obsidiani, kioo cheusi kilichoundwa na volkano yenyewe. Wakazi wa kale waliithamini: Kariandusi, karibu na Gilgil, yapo mashoka ya mawe yaliyochongwa kwa obsidiani. Na mapambo ya mawe si mageni katika kaunti hii. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walipofukua pango la Mto Njoro, lililokuwa mahali pa maziko ya wafugaji wa miaka karibu 3,000 iliyopita, walikuta shanga nyingi za mawe.

Kwa hiyo muuzaji wa kando ya barabara kuu akikuambia kwamba kito chake chekundu kimechimbwa Menengai, shukuru na uendelee na safari. Obsidiani ichukue kama obsidiani, kwa bei ya obsidiani. Ni nzuri kwa kidani, ila ni laini kuliko ganeti na kingo zake huvunjika upesi, kwa hiyo haifai pete ya kila siku.

Watoto wa ukoo huu

Unaoweza kukutana nao madukani ni hawa.

Almandini ndiyo ganeti nyekundu ya kawaida, yenye wekundu mzito unaoelekea kahawia. Ni ngumu, ni nafuu, na ina kasoro moja kubwa: likiwa jiwe kubwa, huonekana jeusi ndani ya nyumba. Ukiipenda, chukua ndogo, ya milimita 4 au 5, au iliyochongwa bila kina kirefu.

Rodolaiti ni mchanganyiko wa almandini na pairopu, ndugu mwingine wa ukoo huu. Rangi yake ni nyekundu yenye zambarau, kama zabibu iliyoiva ukiitazama kwenye mwanga. Hutoka Taita na pia Bonde la Umba, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kwa maoni yangu hili ndilo jiwe la kumshauri mtu anayenunua ganeti kwa mara ya kwanza: ni angavu kuliko almandini, kwa kawaida halina madoa mengi, na bei yake bado ina huruma.

Ganeti za waridi na za rangi ya chungwa zipo pia. Umba hutoa mawe ya waridi yenye uchungwa, na huko Loliondo, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Tanzania, hutoka spesatini ya rangi ya chungwa kali. Baadhi ya mawe ya jamii hii hubadilika rangi ukitoka juani na kuingia kwenye mwanga wa taa. Usinunue jiwe kama hilo kabla hujaziona rangi zake zote, maana huenda ukaipenda moja tu.

Na kuna tsavoraiti, ganeti ya kijani, fahari ya Taita. Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Uskoti, aliikuta kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake lilitokana na Tsavo, na kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyoitangaza duniani kuanzia mwaka 1974. Ukijani wake hutokana na vanadiamu na kromiamu. Tofauti na zumaridi, ambayo mara nyingi hutiwa mafuta ili kuficha nyufa, tsavoraiti huuzwa jinsi ilivyotoka ardhini. Jiwe safi lenye zaidi ya karati 2 ni adimu na bei yake hupanda kwa kasi. Mwenye bajeti ya wastani na atafute vipande vidogo viwili vya hereni badala ya kimoja kikubwa cha pete.

Huenda umesikia pia kwamba ganeti ni jiwe la waliozaliwa Januari. Orodha hiyo ya vito vya miezi ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912. Kama mchumba wako alizaliwa Agosti na rodolaiti inampendeza, mnunulie bila wasiwasi wowote.

Anza na kazi ya mikono

Kabla ya kuzungumza juu ya rangi, jiulize kito kitakaa wapi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambamo almasi ina 10, ganeti nyingi zina kati ya 7 na 7.5. Quartz, ambayo imo ndani ya mchanga na vumbi la kawaida, ina 7. Maana yake ni kwamba vumbi linalotuandama Januari na Februari haliwezi kuikwaruza ganeti vibaya kwa siku moja, lakini ukiifuta kikavu kila jioni kwa miaka, kingo za mkato wake zitafifia.

Hereni na kidani hazigongwi wala kusuguliwa sana. Huko unaweza kuweka jiwe la thamani zaidi na kucha nyembamba za kulishika, zinazoruhusu mwanga uingie kila upande. Pete ndiyo inayoteseka. Mtu anayechambua maua Naivasha, anayevuna viazi Molo, anayekanda unga wa mandazi alfajiri au anayevaa na kuvua glavu hospitalini, anahitaji jiwe lililokaa chini, lililozungushiwa ukingo wa chuma pande zote. Kucha ndefu zitanasa kwenye glavu na unga utajaa chini ya jiwe.

Pete ya uchumba itavaliwa kila siku, pengine kwa miaka 40. Ganeti inaweza, ila mwambieni ukweli atakayeivaa: ataivua akifanya kazi nzito, na baada ya miaka kadhaa huenda ikahitaji kung'arishwa upya kwa mchonga vito. Mkikubaliana hayo mapema, jiwe halitawaletea lawama.

Rangi itazamwe kivulini

Taa za sonara zimewekwa ili vito vipendeze. Balbu ya manjano huupa wekundu uhai ambao huenda usiuone tena ukifika nyumbani, na taa nyeupe kali hunufaisha kijani. Jua la adhuhuri halisaidii pia, kwa sababu chini yake hata kioo cha chupa humetameta.

Omba ruhusa utoke na jiwe hadi kwenye baraza, sonara akiwa kando yako. Saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Simama kivulini, lipe jua mgongo, uliweke jiwe katikati ya vidole viwili kisha ulisogeze taratibu. Tazama mambo matatu. Je, rangi imeenea jiwe zima au imejikusanya pembeni? Je, kuna sehemu zinazozima na kubaki nyeusi unapoligeuza? Je, ukilishika mbali kwa urefu wa mkono bado unaitambua rangi yake? Jiwe linaloonekana jeusi kutoka umbali huo litaonekana jeusi kwa kila mtu mtakayekutana naye.

Kisha liweke juu ya ngozi ya atakayelivaa. Miongozo mingi ya vito iliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, kwa hiyo ushauri wake juu ya rangi usiufuate kwa upofu. Kwenye ngozi nyeusi, rodolaiti, tsavoraiti na spesatini hung'aa vizuri mno. Almandini nzito inaweza kupotea, na dawa yake ni chuma chenye mng'ao: ukingo mpana wa fedha au dhahabu hulitenga jiwe na ngozi na kulipa nafasi ya kuonekana.

Mkato: jaribio la gazeti

Mawe mawili ya rangi moja na uzito mmoja yanaweza kutofautiana kabisa kwa mkato. Chukua gazeti, uliweke jiwe juu ya maandishi, uso wake mpana ukitazama juu. Kama unaweza kusoma herufi kupitia katikati yake, tumbo la jiwe halina kina cha kutosha. Mwanga unapita na kuponyoka upande wa pili badala ya kurudi machoni pako, nalo litakuwa na shimo la upauko katikati. Ganeti iliyochongwa vizuri hukuonyesha vimetameta vyake, si habari za gazeti.

Ligeuze pia ubavuni. Tumbo likiwa nene kupita kiasi, unalipia karati zilizofichwa chini ya pete, mahali ambapo hakuna atakayeziona. Kwa hiyo taja milimita kwanza, karati baadaye. Ganeti ya duara yenye kipenyo cha milimita 6 huwa na uzito wa karibu karati 1, yaani gramu 0.2. Ukiambiwa jiwe la milimita 6 lina karati 2, uliza uzito huo umejificha wapi.

Usichanganye karati ya jiwe na karati ya dhahabu. Ya jiwe ni uzito. Ya dhahabu ni kiwango cha usafi: 375 iliyogongwa ndani ya pete ni dhahabu ya karati 9, na 750 ni ya karati 18. Fedha nzuri ya mapambo hugongwa 925.

Kuukagua ukweli

Hadaa za kawaida ni tatu: kioo kuuzwa kama ganeti, ganeti nyekundu kuuzwa kama rubi, na kioo cha kijani au tomalini kuuzwa kama tsavoraiti. Vipo vifaa vinne rahisi vya kukusaidia.

Cha kwanza ni lenzi ya kukuza mara 10. Ndani ya kioo utaona viputo vya duara au mawimbi kama ya sharubati iliyokorogwa, na kingo za mkato huwa butu. Ganeti huwa na kingo kali, na ndani yake unaweza kuona vijisindano au fuwele ndogo. Ukitazama kingo za nyuma kupitia uso wa mbele, kwenye ganeti kila mstari ni mmoja. Kwenye tomalini ya kijani, ambayo nayo huchimbwa Kenya, mistari ya nyuma huweza kuonekana miwili miwili, na rangi hubadilika kidogo unapoligeuza jiwe.

Cha pili ni mizani ya sonara. Ganeti ni nzito kuliko kioo. Kioo chenye umbo na vipimo vilevile kitakuwa na uzito wa karibu theluthi mbili tu.

Cha tatu kipo kwenye maduka mengi tayari: taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Rubi za Mangare, kule Taita, huwaka wekundu chini ya taa hiyo. Ganeti nyekundu hubaki kimya kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake. Jiwe lisilowaka kabisa halistahili bei ya rubi bila uchunguzi zaidi. Lakini kuwaka peke yake hakuthibitishi rubi ya ardhini, maana hata rubi ya kiwandani huwaka.

Cha nne ni sumaku yenye nguvu, ya aina inayopatikana ndani ya diski za kompyuta kuukuu. Fundi wa kompyuta anaweza kukupa moja. Kata kipande chembamba cha lile povu jeupe linalofungashiwa runinga mpya, kiache kielee kwenye bakuli la maji yaliyotulia, kisha uweke jiwe juu yake. Lazima liwe jiwe peke yake, lisiwe ndani ya pete. Isogeze sumaku karibu bila kuligusa. Almandini, rodolaiti na spesatini zina chuma au manganizi, kwa hiyo mashua yako ndogo itaanza kuifuata sumaku, polepole mwanzoni, halafu kwa haraka. Rubi na kioo cha rangi kwa kawaida havisogei. Tsavoraiti ina chuma kidogo mno, hivyo usiihukumu kwa njia hii.

Majaribio haya hukuepusha na hasara za wazi. Jiwe la bei kubwa, hasa la kijani, lipeleke kwa mtaalamu wa vito mwenye maabara kabla hujamaliza malipo. Muuzaji mwaminifu atakubali.

Dalali, leseni na risiti

Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, anayefanya biashara ya madini nchini anatakiwa awe na leseni. Iombe, usome jina na tarehe. Hili si suala la makaratasi tu. Machimbo ya Taita yamewahi kumwaga damu: Agosti 2009 Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi alipovamiwa na kundi la watu, katika mzozo wa haki za uchimbaji. Jiwe lisilojulikana asili yake linaweza kuwa limeporwa kutoka kwa mchimbaji mdogo aliyekaa shimoni miezi kadhaa akilitafuta. Unapouliza limetoka kijiji gani na limechongwa na nani, unamsaidia mfanyabiashara anayefuata haki.

Usinunue mawe ghafi kwa kudhani unaokoa pesa. Jiwe likichongwa hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na ufa usiouona leo utajitokeza mchongaji akishafika katikati. Nunua lililokwisha kuchongwa.

Risiti yako iseme aina ya jiwe kwa jina kamili, rangi, umbo, milimita, karati na chuma kilichotumika. "Pete ya jiwe jekundu" haitakusaidia siku ya mgogoro. Na ukikusudia kumpelekea ndugu aliye ng'ambo jiwe ambalo halijatiwa kwenye pambo, ulizia kwanza kibali cha kusafirisha madini nje.

Siku ya kulikabidhi kwa sonara

Ukinunua jiwe mahali pamoja na kutengenezewa pete mahali pengine, lipige picha karibu na rula na uandike alama zake za ndani ulizoziona kwa lenzi. Lipimwe uzito mbele yako, kiasi hicho kiandikwe, nyote mtie sahihi. Utaratibu huu hulinda heshima ya pande zote mbili.

Kuna neno moja la kumwambia sonara waziwazi: moto usiiguse ganeti. Joto la ghafla huweza kuipasua. Pete ikihitaji kupanuliwa au kuunganishwa, jiwe litolewe kwanza. Utakapoipokea, likague tena kwa lenzi, pitisha kitambaa chepesi juu ya kucha uone kama kinanasa, kisha itikise karibu na sikio. Ikisikika inacheza, irudishe papo hapo.

Matunzo ni mepesi: maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, ukianza kwa kuondoa vumbi kwa maji kabla ya kusugua. Usitumie mvuke. Ukienda kuoga kwenye maji ya moto ya Olkaria au kutembelea chemchemi za Bogoria, acha pambo la fedha nyumbani. Gesi ya salfa huifanya fedha kuwa nyeusi, ingawa jiwe lenyewe halitadhurika. Na usiweke ganeti katika kibweta kimoja na almasi au rubi, kwa kuwa zote mbili ni ngumu kuliko yenyewe na zitaikwaruza.

Kwa mwenye bajeti ndogo

Kama una fedha kidogo na unataka kitu cha heshima, ushauri wangu ni huu. Tafuta rodolaiti ya milimita 5 au 6, safi kwa macho, iliyofaulu jaribio la gazeti na kutazamwa kivulini. Itiwe kwenye fedha ya 925, kwa ukingo unaoizunguka kama ni pete, au kwa kucha kama ni hereni. Pesa itakayobaki mlipe sonara stadi, maana jiwe la wastani lililoshikwa vizuri hudumu kuliko jiwe la ajabu lililoshikwa ovyo. Kama una zaidi, ongeza kwanza ubora wa rangi na mkato. Ukubwa uje mwisho.

Na unapolipa, taja wazi kwamba unataka jiwe la Kenya lililochongwa Kenya. Sonara huagiza kile wateja wanachoulizia. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lina harusi kila Jumamosi na watu wenye jicho la uzuri. Wateja hao wakianza kuulizia rodolaiti ya Taita kwa jina lake, masonara wataiweka kwenye kabati la mbele, na wachongaji wetu watakuwa na kazi ya kufanya hapa nyumbani.